Kepi ya SA: Ianze kwa Ndani

Ukishikishwa kepi ya kahawia ya SA, wale wanamgambo wa chama cha Hitler, macho yatakimbilia tai wa mbele, ile beji ya chuma yenye umbo la ndege. Yazuie. Tai ndiye rahisi kughushi kuliko vyote, na ndiye anayebadilishwa mara nyingi zaidi. Geuza kofia kichwa chini, uanze na ukanda wa jasho.

Huo ni ukanda wa ngozi, au wa ngozi bandia, unaozunguka ndani pale kichwa kinapogusa. Kofia iliyovaliwa kweli huwa nyeusi zaidi upande wa paji la uso, kulikoingia jasho na mafuta ya nywele; pembeni hubaki na rangi karibu ya asili. Uchakavu wa kutengenezwa huenea sawasawa mzunguko mzima, kwa sababu mtu aliyepaka chai na kupitisha msasa hakuwa na paji la kutoka jasho.

Funua ukanda kwa kidole, taratibu, usitumie kibano. Chini yake huenda ukakuta namba ya ukubwa kwa sentimita, 56 au 57 au 58, na kilebo cha RZM, yaani Reichszeugmeisterei, idara ya chama iliyotoa leseni kwa viwanda vya sare. Karatasi iliyolala chini ya ngozi zaidi ya miaka 80 hunywa mafuta, hupata madoa, kingo zake hulika. Lebo iliyonyooka, safi, chini ya ukanda uliochakaa vibaya, hiyo ina lake jambo. Lebo isipokuwepo si kosa. Zilizodondoka ni nyingi, na kofia za mwanzo hazikuwa nazo.

Sasa nenda kwenye miguu ya tai, yaani vipini vya chuma vilivyo nyuma ya beji. Miguu hiyo hupenya kitambaa na kukunjwa ndani. Ikiwa ni ya shaba na imegusa ngozi kwa miaka, huota kutu ya kijani, laini kama nta, na doa lake huhamia kwenye ngozi au bitana inayoigusa. Doa na mguu vitazamane. Doa likiwa sentimita moja pembeni ya mguu, au matundu yakizidi miguu, ujue huyu si tai wa kwanza. Kofia bado inaweza kuwa halisi, lakini usiilipie bei ya kofia kamili.

Mgeuze tai pia. Wengi wamepigwa chapa ya RZM, halafu M1 (alama ya beji za chuma), mkwaju na namba ya kiwanda. Mfumo huo wa namba ulianza katikati ya miaka ya 1930. Muuzaji akikuambia kofia ilivaliwa kabla SA haijapigwa marufuku Aprili 1932, nawe unaiona M1 nyuma ya tai, basi ama tai kabadilishwa, ama hadithi imetungwa. Kwa kawaida ni hadithi. Tunachonunua ni kofia. Maneno yanayoambatana nayo hayana thamani mpaka yathibitishwe.

Rangi ya sehemu ya juu ilionyesha kundi la eneo: Berlin-Brandenburg nyeusi, Hochland ya Bavaria samawati. Chungulia nyuma ya masikio ya kofia yaliyokunjwa juu. Kitambaa kilichofichwa na jua lazima kiwe kimekolea kuliko cha nje. Kama ndani na nje vimepauka sawa, rangi hiyo imepaushwa kwenye beseni.

Beba tochi ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno, ya nanomita 365. Zile za bei nafuu za 395 humwaga zambarau kila mahali na kukudanganya. Zima taa. Uzi au bitana iking'aa samawati-nyeupe ina dawa za kung'arisha zilizoenea baada ya vita. Tahadhari: kofia halisi iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa itang'aa vilevile, lakini hapo itang'aa kote. Uzi wa mshono ukiwaka peke yake, mshono ni mpya. Kofia ikishakuwa yako, chomoa unyuzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome: sufu hunuka nywele na kuacha jivu linalopukutika, poliesta huyeyuka na kuwa kishanga kigumu.

Jambo la kando, ila linatuhusu huku kwetu. Mashati ya kahawia ya mwanzo yalitokana na shehena ya masalio iliyokusudiwa jeshi la kikoloni la Ujerumani Afrika Mashariki, ambayo Gerhard Roßbach, kiongozi wa wanamgambo, aliipata Austria. Yaliitwa mashati ya Lettow, kwa jina la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo. Ndiyo maana sare ya mtaani ya Munich ilikuwa na rangi ya vumbi la tropiki.

Kuhusu sheria: Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani alama za vyama hivi, na Austria ina sheria yake ya 1947. Uliza kabla ya kutuma au kupokea kifurushi. Na kofia hii haivaliwi, hata kwa picha ya mzaha.

Ikifika nyumbani, usiiweke karibu na sufu nyingine kabla ya kuua nondo. Ifunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, iache kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache mezani saa 24 bila kufungua, la sivyo unyevu utatua kwenye kitambaa. Lakini kofia zenye kinga ya seluloidi, plastiki ya zamani, ndani ya bitana zisiingie friza, maana seluloidi hupasuka. Ikiwa imegeuka njano na kunuka kafuri, ihifadhi peke yake mahali penye hewa. Mvuke wake wa asidi hula chuma. Jaza kofia karatasi isiyo na asidi, gazeti halifai. Kutu ya kijani iondoe kwa kijiti cha meno kikavu. Mafuta ya ngozi usipake kabisa: huvuja hadi kwenye sufu, na doa hilo halitoki.