Jibu: Cheni kukwaruza mkono wa nyuma baada ya kuondoa mkanda

Ndugu, umeeleza kwamba ulibadilisha mkanda wa Sportster yako (pikipiki ya Harley-Davidson) kuwa cheni, na sasa cheni inakwaruza upande wa juu wa mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Chanzo kikubwa ni kipenyo: sproketi (gurudumu lenye meno) ya mbele ya cheni ni ndogo kuliko puli ya mkanda uliyoiondoa, kwa hiyo cheni inapita chini zaidi, karibu na ekseli ambayo mkono huo unazungukia.

Kabla ya kufunga kinga yoyote kati ya cheni na mkono, hakikisha sproketi mbili zimenyooka kwenye mstari mmoja. Kisha pima ulegevu wa cheni pale inapokaza zaidi, yaani wakati sproketi ya mbele, ekseli ya mkono na ekseli ya gurudumu zimekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu cheni iliyokazwa kupita kiasi huharibu beringi za giaboksi, jambo baya kuliko mkwaruzo wenyewe.

Kinga ninayoipendekeza ni kipande cha nailoni au plastiki ngumu ya polithilini, kilichopinda kufuata umbo la mkono na kushikwa kwa klemu. Mpira wa tairi haufai, kwani huliwa haraka. Ukilazimika kutumia skrubu, vichwa vyake vizame ndani kabisa ya plastiki, la sivyo cheni itavikata. Tafadhali usitoboe chuma karibu na maungio ya kuchomelea, maana nyufa huanzia hapo, na kama mfereji ambao cheni imekwisha kuuchimba kwenye mkono ni wa kina, mkono ukaguliwe na fundi wa kuchomelea kabla hujaufunika.