Risasi tupu, risasi bandia au risasi baridi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari. Ninaandaa mwongozo wa Kiswahili kwa waanzishaji wa mbio, tuutumie kwenye maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Chombo kile tukiite "bastola ya kuanzia" au "bunduki ya mbio"? Na risasi zake ni "tupu", "bandia" au "baridi"? Mwenzangu anasema lolote litafaa maadamu tunaelewana.

JIBU: Sikubaliani na mwenzako. Mwongozo huo utasomwa na mtu aliyeshika kitu kinachotema moto, na neno lililokaa vibaya linaweza kumuunguza.

Bunduki tuiache, maana kwa wasomaji wengi ni silaha ndefu ya kushikwa kwa mikono miwili. Hii ni bastola. "Bastola ya kuanzia" nayo ina kasoro: ni bastola unayoanza nayo kabla ya kuhamia nyingine, kama vile mshahara wa kuanzia. Unachohitaji ni kitenzi "anzisha" katika kauli ya kutendea, ile inayotaja kifaa, kama tunavyosema kisu cha kukatia nyama. Andika "bastola ya kuanzishia mbio". Ukishaitaja mara moja, "bastola" peke yake inatosha.

Kwenye risasi ndipo penye hatari. Risasi ya kawaida ina ganda, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa cha madini mbele. Ya mwanzishaji ina vyote hivyo isipokuwa kichwa. Mdomo wa ganda umebanwa au umezibwa kwa kizibo chepesi. "Risasi tupu" haifai kwa sababu -tupu ina maana mbili: chungu kitupu hakina kitu, lakini maji matupu ni maji na si kingine. Msomaji anaweza kuelewa kuwa ni risasi hasa. "Risasi bandia" ni mbaya zaidi, kwa kuwa bandia ni kitu cha kuigiza, na mtu hakiogopi kitu cha kuigiza. Hii haiigizi: fataki inalipuka kweli na baruti inaungua kweli. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijielekezea kichwani bastola yenye risasi ya namna hii, akaifyatua kwa mzaha, na akafa. Msukumo wa gesi ulitosha kuvunja fuvu.

Inabaki "risasi baridi", ambayo ndiyo wengi wanaijua, kinyume cha risasi za moto. Itumie, ila usiiache bila maelezo, kwa sababu jina linasema baridi na gesi inayotoka ni moto. Mara ya kwanza andika hivi: "risasi baridi, yaani risasi isiyo na kichwa, huunguza na huweza kuua kwa karibu."

Sehemu ya kuchagua bastola iandikwe kwa uangalifu huohuo. Bastola nzuri ya kazi hii ina mtutu uliozibwa kiwandani, na gesi yake hutokea kwenye tundu la juu au la ubavuni. Usiandike "mtutu ulioziba". Mtutu ulioziba ni ule uliojaa masizi, na mwalimu mwenye bidii atatafuta waya auzibue. Eleza pia tundu la gesi liko upande gani, ili mkono wa pili usipite hapo. Kaliba (ukubwa wa risasi) ya .22 ni rahisi kubeba, lakini mlio wake ni mdogo kwa uwanja wa wazi na moshi wake ni haba; .32 au .38 hufaa zaidi. Risasi za kaliba moja haziingiliani na za nyingine, kwa hiyo mnunuzi asome namba iliyochongwa kwenye bastola, asikadirie kwa macho. Kabla ya yote hayo aulize polisi kuhusu kibali.

Kuhusu vitenzi, mwanzishaji "hufyatua" bastola, nayo bastola "hulia". "Kupiga risasi" kuepukwe, kwa sababu kitenzi hicho humtafuta mtu wa kupigwa. Wala "kulenga" hakuna nafasi hapa: bastola huelekezwa juu, mkono ukiwa umenyooka, mbali na sikio, na masikio yote mawili yakiwa na viziba. Ikikataa kulia, sema "risasi imegoma". Mwanzishaji abaki ameielekeza bastola juu kwa sekunde 30, ndipo aitoe risasi, kwa sababu baruti huweza kuwaka kwa kuchelewa. Chanzo kimojawapo ni mafuta mengi yaliyopenya hadi kwenye fataki. Bastola isafishwe siku hiyohiyo, kwani masizi hula chuma, lakini ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo tu.

Kuna sentensi moja ambayo miongozo mingi huikosea: "Mlio ukisikika, wakimbiaji waondoke na wapima muda waanzishe saa." Wakimbiaji husikiliza mlio, sawa. Mpima muda anayebonyeza saa kwa mkono huangalia moshi au mwako. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye mita 100 mbali huisikia ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.3, na mkimbiaji huandikiwa muda mzuri kuliko aliokimbia. Andika: "Wakimbiaji wasikilize mlio, wapima muda watazame moshi." Mwanzishaji asimame penye mandhari nyeusi nyuma ya mkono wake, moshi uonekane.

Amri nazo. "Kwenye alama zenu" ni tafsiri ya neno kwa neno, na shuleni alama ni za mtihani. "Kwenye nafasi zenu" inaeleweka papo hapo. Kwa mbio za hadi mita 400 hufuata "Tayari", kisha mlio pale tu wote wanapotulia. Kwa mbio ndefu zaidi hakuna "Tayari". Neno hilo litamkwe bila kuvutwa, kwani "tayaaari" huwapa wakimbiaji mdundo wa kuotea mlio. Usiongeze "Nenda!", bastola imeshasema. Anayechomoka mapema "amewahi mlio", na mlio wa pili wa kuwarudisha uitwe "mlio wa kurejesha". Kwa ajili yake bastola iwe na risasi ya akiba ndani, au mwanzishaji msaidizi awe na bastola yake.