Je, Wimbo wa Pop ni Sonata Iliyofupishwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpenzi wa roki na pop, na siku hizi nimeanza kusikiliza simfoni. Rafiki yangu aliyesomea piano anadai kuwa wimbo wenye beti, kiitikio na daraja ni sonata iliyofupishwa tu, kwa kuwa kote kuwili kuna mwanzo, safari ya katikati na kurudi. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, nadhani kinachompotosha rafiki yako ni huko kurudi. Katika umbo la sonata, mtunzi huanza kwa kuonyesha mawazo mawili ya muziki, la kwanza likiwa katika ufunguo wa nyumbani (yaani kundi la noti ambalo muziki huanzia na kutulia) na la pili katika ufunguo mwingine, ambao mara nyingi hujengwa juu ya noti ya tano ya skeli, yaani ngazi ya noti za ufunguo huo wa nyumbani. Kisha huyakatakata na kuyapitisha katika funguo za mbali, na yanaporudi mwishoni, wazo la pili nalo huwa limeletwa nyumbani. Kinachorudi, basi, si kile kile kilichoondoka. Kiitikio hurudi na maneno yale yale, na nguvu yake hutokana na msikilizaji kukijua tayari.

Daraja nalo lina kazi yake. Huleta melodi ambayo haijasikika, ili sikio likitamani tena kiitikio, ilhali sehemu ya katikati ya sonata hufinyanga udongo uliokwisha kuwekwa mezani. Katika sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tatu ya Beethoven, ufinyanzi huo ni mrefu kuliko utangulizi wa mawazo yenyewe (ingawa Beethoven, kwa ukaidi wake, aliingiza humo melodi mpya pia).

Ndugu wa karibu zaidi wa wimbo wa kiitikio ni rondo, ambamo wazo kuu hurudi kila baada ya kipande kigeni. Mfano rahisi ni "Für Elise" ya Beethoven, ya mwaka 1810: melodi ile maarufu husikika, hupisha kipande cha kwanza, hurudi, hupisha cha pili, kisha hufunga. Tofauti ni kwamba rondo huanza na kile kinachorudi, wakati nyimbo nyingi za pop hutanguliza ubeti na kutungojesha.

Zipo nyimbo za roki zisizoingia hata humo. "Bohemian Rhapsody" ya Queen, ya mwaka 1975, ina urefu wa karibu dakika sita na haina kiitikio kabisa. Hupita kutoka wimbo wa polepole hadi opera, kisha roki nzito, kwa uhuru wa fantasia, yaani kipande kisichofungwa na umbo maalumu.

Mwambie pia rafiki yako asikilize viitikio vya mwisho vinavyopandishwa ufunguo kwa nusu toni au toni nzima. Wimbo wa namna hiyo mara nyingi humalizikia huko huko juu, wakati sonata ingefanya kila njia irejee ilikoanzia.