Ukitaka Kueleza Utafiti, Anza na Vikope

Juzi kijana mmoja aliyehitimu maabara ameniandikia: "Kaka, nifanyeje ili wananchi wanisikilize nikieleza utafiti wa afya?" Najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo. Nami nafurahi kulijibu, maana bosi wangu mmoja wa zamani aliwahi kuniambia mbele ya kikao kwamba kueleza sayansi kwa Kiswahili cha sokoni ni kujishushia hadhi. Sijasahau. Natumaini anasoma.

Mwezi uliopita niliitwa kijiji kimoja wilayani Kongwa. Projekta niliiacha Dodoma mjini. Nilianza na vikope, yaani trakoma, kwa sababu pale hakuna asiyevijua: nzi machoni pa watoto, na kwa wakubwa kope zinazogeukia ndani zikakwaruza jicho. Bibi mmoja akafungua pindo la khanga, akatoa kibano, akatuonyesha anavyozing'oa kwa kupapasa, moja moja, bila kioo. Nikawaambia kwamba utafiti uliofanyika Kongwa hiyo hiyo, ukachapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kuwanawisha watoto uso, pamoja na dawa ya macho, kunapunguza trakoma kali. Wakaanza kutazamana. Wengine walijinyoosha kabisa, kama timu yao imefunga bao.

Baada ya hapo ikawa rahisi kuwapeleka mbele. Niliwaeleza jaribio la MORDOR la Niger, Malawi na Tanzania: azithromaisini, dawa inayotumika pia kutibu vikope, walipewa watoto wa chini ya miaka mitano mara mbili kwa mwaka, kuona kama itapunguza vifo. Jamii nyingine zilipewa dawa bandia, yaani isiyo na tiba ndani yake, ili kulinganisha.

"Hao wa dawa bandia mliwatoa kafara?" mama mmoja akauliza, mtoto mgongoni.

Swali kama hilo usilikwepe. Nilimjibu kwamba kura ya bahati nasibu ndiyo iliyoamua jamii ipi ipate nini, na kwamba wakati ule hakuna aliyejua kama dawa ile inaokoa maisha. Matokeo ya mwaka 2018: kwa nchi zote tatu vifo vilipungua kwa takribani asilimia 14. Nafuu kubwa ilikuwa Niger. Kwa Tanzania tofauti ilikuwa ndogo mno, huwezi kuitenga na bahati tu. Nalo nililisema, na hofu ya vimelea kuizoea dawa nikaitaja pia. Yule mama akasema, "Afadhali wewe hutupambi."

Basi kijana, anza na ugonjwa wanaoujua. Anza nao kweli, usiutaje tu ukakimbilia majedwali. Sema na kilichoshindikana. Vijana wetu wana vyeti vya kujaza ukuta lakini shangazi zao hawajui wanafanya kazi gani. Hilo linaniudhi, tubadilike! Halafu usiende wakati wa mvua. Watu wako shambani, utahutubia wenyekiti wa vitongoji na mbuzi. Subiri wavune.