Barua kwa mwanangu: Usiseme Duncan alishindwa

Igogo, Mwanza
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa barazani nachambua dagaa, na nimeona nisikujibu kwa simu. Kwenye simu, nikianza tu kusema la maana, kwako mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Dada yako ataipiga picha akutumie, na najua utalalamika kwamba bado naandika kama niko ubaoni.

Umeniuliza mawili. La kwanza: Tim Duncan, bingwa mara tano wa NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, alikaa benchi la makocha msimu mmoja tu akaondoka, sasa kama yeye kashindwa ukocha, wewe ni nani? La pili: ile shule ya huku Ilemela inayokuomba uje uwafundishe kikapu wasichana wao, ukubali au ubaki Dar uendelee kuuguza goti?

Nianze na Duncan, maana yeye ni rahisi kuliko wewe.

Hakushindwa. Aliacha kucheza tarehe 11 Julai 2016, baada ya misimu 19 na timu moja, San Antonio Spurs, na namna alivyoaga unaikumbuka: tangazo la timu, basi. Hakufanya ziara ya kuagwa mji kwa mji kama Kobe Bryant wa Lakers mwaka huohuo. Mimi nilipostaafu ualimu nilipewa kanga, beseni la plastiki na hotuba ya dakika arobaini juani, nikamwonea wivu Duncan. Akarudi zake mjini kwake, kwenye gereji yake ya kupamba magari. Miaka mitatu baadaye, Julai 2019, Gregg Popovich, kocha wake wa Spurs, akamwita awe kocha msaidizi, akatania kwamba yeye ndiye amekuwa msaidizi wa Duncan kwa miaka 19, kwa hiyo ni haki fadhila irudishwe. Tarehe 3 Machi 2020 Popovich akawa na shughuli binafsi, Duncan akaisimamia timu kule Charlotte, wakashinda 104 kwa 103. Mechi moja, ushindi mmoja, tena kwa pointi moja. Waambie wale wabishi wa kijiweni kwako kwamba kuna mtu kawahi kuongoza benchi la NBA na hajafungwa hata siku moja. Novemba mwaka huo timu ikatangaza kwamba harudi.

Kama unatafuta aliyeshindwa, mtaje Magic Johnson. Mwaka 1994 nyota huyo wa zamani alipewa kuifundisha Lakers msimu ukiwa unaelekea ukingoni, akashinda mechi tano kati ya sita za mwanzo, kisha akaanza kupoteza, akasema imetosha, na msimu ukaisha amepoteza kumi mfululizo. Lakini usimshike Magic ukaacha wengine. Larry Bird, naye nyota wa zamani, alichukua ukocha wa Indiana mwaka 1997, akasema atakaa miaka mitatu, akaifikisha fainali ya 2000, akaondoka kama alivyoahidi. Na Popovich mwenyewe, aliyeshinda mechi 1,422 za ligi, kuliko kocha yeyote, hakuwahi kucheza hata dakika moja NBA. Sasa hapo utatoa kanuni gani? Nimefundisha hesabu miaka 31, na kwa namba hizo mimi sioni kanuni.

Ila kuna jambo moja nimeliona kwa macho yangu, si kwenye televisheni. Unamkumbuka yule binti wa netiboli niliyekuwa nikimsifia hadi marehemu baba yako ananiambia punguza? Mfungaji wangu wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, mrefu, mkono kama umepakwa mafuta. Alipomaliza shule nilimwomba aje Jumamosi anisaidie na watoto wa darasa la tano. Akaja. Mtoto anarusha, anakosa. Binti anamwambia, "Rusha iingie." Mtoto anakosa tena. "Sasa si urushe tu iingie!" Yule mtoto alimtazama kama mtu aliyeambiwa aruke mpaka Ukerewe. Ndipo nikaelewa kwamba binti wangu hakuwa akijua anafanya nini. Kiwiko chake kilijua, kichwa hakikuwa na habari. Mimi niliyekuwa mchezaji wa kukalia benchi ndiye niliyeweza kumwambia mtoto: kidole hiki kiwe cha mwisho kuacha mpira, goti likunjwe kwanza.

Duncan hakuwa kama yule binti, na hapa ndipo wengi wanamkosea. Kikapu hakikuwa mchezo wake wa kwanza. Alikulia kisiwani St. Croix, kule Karibi, na alikuwa muogeleaji. Dada yake mmoja alikwenda Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, naye alidhani atamfuata. Septemba 1989 kimbunga kilichoitwa Hugo kikabomoa bwawa walilokuwa wakifanyia mazoezi. Wakaambiwa wahamie baharini. Yeye akakataa, akiogopa papa. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu, maana ni sisi kabisa: ziwa liko hapo chini, ukitoka nje unaliona, na mimi nilikuwa nakuchapa ukienda kuoga kwa ajili ya kichocho na mamba. Mwaka uliofuata, siku moja kabla hajatimiza miaka 14, mama yake akafariki kwa saratani ya matiti. Kabla ya hapo alikuwa amemuahidi atasoma hadi apate shahada, na aliitimiza: akakaa chuoni Wake Forest miaka minne yote, wakati NBA ilikuwa inamsubiri mlangoni tangu zamani.

Basi kikapu alianza akiwa kijana mkubwa, na anayetajwa kumfundisha misingi ni shemeji yake, mume wa dada yake, pale nyumbani. Huyo shemeji alikuwa amecheza chuo, nafasi ya mchezesha timu, kwa hiyo alimfundisha mambo ya watu wafupi: kuchezea mpira, kutoa pasi, kuweka miguu. Nani angejua kijana atarefuka vile? Ndiyo maana baadaye ulimwona jitu la karibu futi saba linapiga hesabu kama mtu mdogo. Lile shuti lake la kugonga ubao, ambalo wenzako waliliita la kizee, halikuwa kipaji cha mbinguni. Lilikuwa somo, na jambo ulilojifunza kama somo unaweza kulifundisha kama somo.

Kwa hiyo uwezo wa ukocha alikuwa nao. Nadhani (ni maoni ya mama yako, si ya redio) alichokosa ni hamu ya yale mengine: safari usiku kwa usiku, waandishi kila siku, kuongea hata pale huna la kusema. Mtu aliyestaafu bila kuaga atayatamani hayo? Atarudi siku moja? Sidhani, na wala haimpunguzii kitu.

Maana urithi wake ulishafanya kazi ya ukocha akiwa bado anavaa jezi. Popovich alikuwa anamfokea mbele ya timu nzima, na Duncan anasikiliza. Bingwa, mchezaji bora wa ligi 2002 na 2003, anafokewa anakaa kimya. Hebu niambie, kijana aliyesajiliwa juzi atafungua mdomo hapo? Popovich mwenyewe amemshukuru kwa hilo, kwamba alikubali kufundishwa. Na alisimulia jambo ambalo mimi kama mzazi sijalisahau: baba yake Duncan, kabla hajafa, alimkabidhi mwanawe kwa maneno ya kumbana, kwamba atamdai yeye kocha kuhakikisha siku kijana anamaliza kucheza awe ni mtu yuleyule. Hakumwambia amfanye bingwa. Mwaka 2016 Popovich akasema anaona ametimiza. Halafu Mei 2025, alipotoka kuumwa kiharusi na kuachia ukocha, alikuja mbele ya watu akiwa na Duncan na Manu Ginóbili, mchezaji wake mwingine wa zamani, pembeni yake. Wale wamekuwa watu wazima wenye mvi, na bado wamesimama naye.

Sasa wewe.

Wewe hukuwa mtu wa kukaa kimya, tusidanganyane. Umegombana na makocha wanne ninaowajua. Yule wa mwisho, aliyekuingiza uwanjani goti likiwa limevimba kama nazi akisema ni la kawaida, ulikuwa na haki ya kugombana naye, na mimi hadi leo nikimkumbuka namwombea tu Mungu amsamehe kwa sababu mimi bado sijaweza. Lakini wale watatu wa mwanzo walikuwa wanakufundisha, na ulichokuwa unawauliza kila siku ni "kwa nini?" Kwa nini tusimame hapa, kwa nini nisikimbie kule. Waliniita shuleni kwako kunilalamikia. Nilikuwa nakuchukia kwa ile "kwa nini" yako. Leo naiona ndiyo mtaji wako. Mtu aliyedai sababu ya kila jambo ana sababu kibao kichwani za kuwagawia wengine.

Na kuna ule ukuta. Wageni wakija bado wananiuliza ile chokaa ni ya nini. Baba yako alipima futi kumi kutoka chini, fundi akachomelea pete ya nondo, kisha kwa rula yangu ya shuleni tukachora ule mstatili wa juu ya pete, sentimita 59 kwa 45, kama wa viwanja vya kweli. Na nyumba yetu unaijua ilivyokaa, mlimani, mawe kila upande, uwanja wenyewe kama kitanda. Ukirusha mpira ukakosa vyote, pete na ukuta, unakwenda. Unagonga jiwe la kwanza, unagonga jiwe la pili, unapita nyuma ya choo cha jirani, unateremka hadi barabarani kwa mama muuza vitumbua. Ulikuwa ukiteremka na kupanda mara kumi kwa jioni moja. Wiki ya tatu, nakumbuka nilikuwa naanika nguo, ukasimama pembeni, si katikati, ukalenga kona ya juu ya mstatili. Mpira ukagonga chokaa, tup, ukaingia. Ukageuka ukaniambia, "Mama, ukipitia ukutani hauteremki." Ulikuwa na miaka kumi na moja na hukuwa umewahi kumwona Duncan. Ulipokuja kumwona kwenye televisheni ukapiga kelele, "Anapitia ukutani!"

Hiyo ndiyo sababu nilikuwa naamka nawe saa kumi alfajiri kuangalia fainali, si kwa kupenda kikapu. Fainali ya 2013, mechi ya saba, ile ya Miami: Duncan amebaki na chini ya dakika moja, yuko karibu kabisa na pete, shuti la kusawazisha, akakosa, akarudishia kwa kidole akakosa tena, akarudi ulinzini akapiga sakafu kwa viganja. Hukula hadi mchana. Mimi nilikuwa natazama vile viganja. Mwaka uliofuata wakakutana na Miami haohao wakawafunga mechi nne kwa moja. Wasichana wa Ilemela wakikosa, na watakosa sana, wasimulie ya viganja kabla ya kuwasimulia ya 2014.

Niliwaona, ukitaka kujua. Jumamosi iliyopita walikuja kucheza Mirongo, nikajifanya napita. Walifungwa vibaya. Kuna mmoja mrefu, mwembamba, anaomba radhi kila akipokonywa mpira, hata kwa wapinzani. Kuna mwingine mfupi mwenye domo, aliyembishia mwamuzi hadi akatolewa nje, na akiwa nje akaendelea kuuliza ni kwa nini. Mwalimu wanaye, ni mtu mwema, lakini anafundisha jiografia na filimbi yake haina kokwa.

Kwa hiyo jibu langu: njoo, lakini si kwa kuhama. Usiache kazi Dar kwa ajili ya posho ya nauli, hilo nalisema kama mtu aliyelea watoto watatu kwa mshahara wa ualimu. Chukua likizo yako ya Desemba, wiki tatu. Usiwaonyeshe namna ulivyokuwa unaruka, kwanza hutaweza, pili haitawasaidia. Wapeleke pembeni, waonyeshe ubao. Wiki tatu zikiisha ukijikuta usiku unawaza kiwiko cha yule mrefu badala ya goti lako, tutakaa tuzungumze. Ukijikuta umechoka nao, utakuwa umefanya mara ishirini ya Duncan kule Charlotte na hakuna wa kukudai.

Mwalimu mkuu nimeshamwambia utampigia Jumanne saa nne asubuhi, namba yake anayo dada yako. Ukija niletee mpira mmoja wa ngozi, wa kweli, na nyavu. Pete bado ipo ila imeshika kutu upande mmoja, na wajukuu wangu nao wameanza kuteremka kwa mama vitumbua.

Goti ulikande kwa maji ya moto, si kwa ile dawa ya mtandaoni.

Mama yako