Gari gani linafaa kwa mtihani wa leseni ya lori?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kizota, Dodoma. Nina leseni ya daraja D na ninajiandaa kuomba daraja E ili niendeshe malori ya mizigo ya masafa marefu. Shemeji yangu yuko tayari kuniazima Canter yake siku ya mtihani, ila kaka yangu aliyeko Uingereza ananiambia kwamba huko gari hilo lingekataliwa, kwa kuwa lori la mtihani lina vipimo vyake. Je, vipimo hivyo vina maana yoyote kwetu?

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako amekueleza kweli. Uingereza, lori lisilo na tela linalotumika katika mtihani ni lazima liwe na urefu usiopungua mita 8, upana wa mita 2.4, uwezo wa kubeba hadi kufikisha uzito wa jumla wa kilo 12,000 au zaidi, na uwezo wa kwenda kilomita 80 kwa saa. Siku ya mtihani haliji tupu, bali hupakiwa mzigo mpaka uzito wake halisi ufike angalau kilo 10,000. Kwa semitrela, yaani kichwa na tela lake vikiwa pamoja, urefu ni usiopungua mita 14.

Hayo ni masharti ya huko, wala hayakufungi wewe wa Dodoma. Sababu zake, hata hivyo, ziko vilevile katika barabara ya kwenda Singida. Katika gari refu, tairi za nyuma hazifuati njia ya zile za mbele, bali hukata kona kwa ndani, na dereva asiyelizoea atampitia mwendesha bodaboda aliyesimama pembeni bila hata kumwona. Ndiyo maana Waingereza wanataka pia bodi ya mizigo iliyofungwa, yenye kimo na upana usiopungua wa kichwa cha gari, ili mtahiniwa asigeuke kuchungulia dirisha la nyuma bali ategemee vioo vya pembeni peke yake.

Kwangu mimi, jambo zito kuliko yote ni breki. Canter ndogo nyingi hutumia breki za mafuta, ilhali malori makubwa hutumia breki za upepo, na hizo zina adabu yake: unawasha injini, unasubiri mshale wa geji ya upepo upande juu na king'ora cha upepo mdogo kinyamaze, ndipo unaachia breki ya mkono. Dereva anayekanyaga pedali mfululizo kwenye mteremko kama wa Sekenke, badala ya kushuka kwa gia nzito, humaliza upepo na kuchemsha breki kwa wakati mmoja. Stadi hiyo huwezi kuionyesha, wala kujifunza, ndani ya Canter.

Kwa hiyo nakushauri kwa dhati umshukuru shemeji yako, kisha utafute chuo chenye lori la breki za upepo, ujifunze nalo likiwa na mzigo, na ufanyie mtihani gari hilohilo. Kagua mapema kwamba bima yake ni hai na inamhusu mwanafunzi, kwamba alama ya L imebandikwa mbele na nyuma, na kwamba pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto vimo garini. Ukiwa barabarani kumbuka pia kwamba sheria yetu hairuhusu gari linalozidi kilo 3,500 kupita kilomita 80 kwa saa, hata pale barabara ya Manyoni inaponyooka na kuwa tupu.