Wageni wa Wiki Mbili Kichakani

SWALI: Mhariri, kando ya nyumba zetu pana uwanja wenye miti, nyasi na kichaka kilichojiotea. Majira yakibadilika huja ndege tusiowafahamu, wakakaa kama wiki mbili, kisha wakatoweka. Je, hawawanyang'anyi chakula ndege wa hapa? Na je, kichaka kifyekwe, kama majirani wanavyotaka?

JIBU: Ndugu msomaji, wenyeji na wahamaji hukaa eneo moja bila kulitumia kwa namna moja. Mwenyeji hutegemea mahali hapo mwaka mzima kwa chakula, maji, maficho na kiota. Ndiyo maana kigong'ota huhitaji mti mkavu uliosimama, na tundu atakaloliacha hurithiwa na ndege wasioweza kutoboa. Mhamaji asiyezaliana hapo hana kiota cha kulinda, hivyo hufuata wadudu popote walipojaa, na wakipungua huondoka. Kugombania chakula kupo, lakini si kwa kiasi cha kukutia hofu.

Kinachonitia hofu mimi ni panga la majirani zako. Mfikirie Phylloscopus trochilus, ndege wa gramu 10 hivi, ambaye huzaliana kaskazini mwa Ulaya na Asia, kisha huvuka Sahara kwenda kukaa kusini yake mpaka baridi ya huko kwao ipite. Ndege wadogo wa namna hii husafiri zaidi usiku, na kunapokucha hutua penye kijani chochote walichokiona. Akiba ya safari yao ni mafuta ya mwilini, ambayo hujazwa upya kwa wadudu. Simama kimya karibu na kichaka asubuhi utamwona: hurukaruka kutoka kijiti hadi kijiti, huinamisha kichwa chini ya jani, hudonoa kiwavi, na kabla hujamtazama vizuri ameshahama. Nyasi zilizokatwa fupi hazimpi viwavi hao, wala hazimfichi kipanga anapopita.

Kwa hiyo kisifyekwe. Kikizidi kutanuka, punguzeni upande mmoja tu kwa mwaka, ndege wakiwa wamekwisha kulea makinda. Majani makavu yaacheni chini ya miti, maana wapo wenyeji wanaoyapekua kutafuta chakula. Majira ya wageni yakifika, zimeni taa za nje zisizo za lazima, kwa kuwa mwanga huwapoteza njia wale wanaosafiri usiku.